Ofisi ya Jimbo Hufanya Kazi Gani?



Katika ziara zetu parokiani kuna swali ambalo hutujia mara kwa mara, na aghalabu huulizwa kwa uchungu. Mwenyekiti wa kamati hutuvuta pembeni baada ya kikao na kusema: "Barua yetu iko Jimboni tangu Kwaresima. Inafanya nini huko?" Mfadhili naye, akituandikia kutoka mbali, huuliza jambo lile lile kwa namna yake: kwa nini fedha ya kisima cha kijiji kimoja ipitie kwanza ofisi ya Askofu, wakati paroko ana akaunti ya benki na simu ya mkononi?

Wote wawili wana haki ya kujibiwa. Katika toleo hili tumeona tueleze ofisi hiyo ni nini, nani amo ndani yake, na karatasi zinazoingia humo hufanyiwa nini. Tumechukua mfano wa Jimbo la Ifakara, kwa sababu ni jimbo changa. Mambo ambayo katika majimbo ya zamani yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza chanzo chake, hapa ilibidi yaanzishwe watu wakiona.

NG'AMBO YA MTO

Kwa muda wa karibu miaka 48 waamini wa Ifakara walikuwa sehemu ya Jimbo la Mahenge, lililoundwa mwaka 1964 kutokana na Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Makao ya Askofu yalikuwa Mahenge, juu milimani, ng'ambo ya mto Kilombero. Anayelijua bonde hili hahitaji maelezo zaidi. Kutoka Ifakara uliteremka hadi kivukoni, ukasubiri pantoni, ukavuka, ndipo ukaanza safari ya Lupiro na kupanda mlima. Mto ukijaa wakati wa masika, safari iliahirishwa. Katibu wa parokia aliyetoka upande wa Mlimba na karatasi moja ya kutiwa sahihi, kwanza alikuja Ifakara kwa treni ya TAZARA au kwa barabara yenye matope, kisha akakutana na mto, kisha mlima. Daraja la Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018, wakati jimbo lilikuwa limekwisha kugawanywa.

Tarehe 14 Januari 2012 Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 aliunda Jimbo la Ifakara kwa kulimega Jimbo la Mahenge, na akamteua Mhashamu Salutaris Melchior Libena, aliyekuwa Askofu Msaidizi wa Dar es Salaam, kuwa askofu wake wa kwanza. Siku kama hiyo huwa na vigelegele, ngoma na misafara ya magari. Kinachofuata baada ya ngoma hakiandikwi magazetini. Sheria za Kanisa hazitosheki na jimbo lenye askofu na mipaka tu. Zinataka awepo makamu wake, kansela wa kutunza nyaraka, mtunza hazina, baraza la fedha lenye waamini wasiopungua watatu, na chumba cha kumbukumbu kinachofungwa kwa ufunguo. Majalada ya mapadre, mikataba ya shule na zahanati, hati za viwanja: jimbo likigawanyika, kila kimoja hapana budi kiulizwe ni cha upande upi. Hati iliyoandikwa kwa jina la wadhamini wa jimbo mama haigeuki yenyewe kuwa ya jimbo jipya kwa sababu tu tumepiga makofi.

NANI AMO HUMO

Kanisa huiita ofisi hiyo Kuria. Kwa maneno mepesi ni watu na idara zinazomsaidia Askofu kuliongoza jimbo. Wengi wetu tukisema "Jimboni" tunafikiria jengo moja na mtu mmoja mwenye muhuri, na hapo ndipo manung'uniko mengi huanzia, kwani barua iliyopelekwa kwa mtu asiyehusika huzunguka meza zote kabla ya kufika.

Makamu wa Askofu ni padre, mwenye umri usiopungua miaka 30 na mjuzi wa sheria za Kanisa au teolojia, anayetenda kwa mamlaka ya Askofu katika mambo ya kawaida ya uongozi. Kansela ndiye mtunza nyaraka: huhakikisha kuwa maamuzi yameandikwa, yametiwa sahihi na kuhifadhiwa. Si lazima awe padre. Mtawa au mlei anaweza kuifanya kazi hiyo. Mtunza hazina husimamia mali ya jimbo kwa kufuata bajeti iliyopangwa na baraza la fedha, na mwisho wa mwaka hulipa baraza hilo hesabu ya mapato na matumizi. Kando yao ziko idara za elimu, afya na maendeleo, ambako Caritas hufanyia kazi zake. Katika jimbo lenye watumishi wachache si ajabu kumkuta padre mmoja akiongoza idara, akifundisha seminarini na akiwa paroko Jumapili. Kabla ya kulaumu simu isiyopokelewa tukumbuke hilo pia.

Kuna jambo moja katika sheria hii ambalo sisi tunalipenda. Askofu akifariki au akihamishwa, mamlaka ya Makamu wake hukoma pale pale. Lakini kansela hubaki kazini, na hata msimamizi wa muda anayeliongoza jimbo hawezi kumwondoa bila ridhaa ya mapadre washauri. Mtunza hazina naye huteuliwa kwa miaka mitano na haondolewi katikati bila sababu nzito. Yaani wenye amri wanaweza kuondoka wote kwa siku moja, ila wenye kumbukumbu wanabaki. Aliyeitunga sheria hiyo bila shaka alikwisha kuona nini hutokea kwenye nyumba ambayo mzee amefariki na hakuna ajuaye ufunguo wa sanduku uko wapi.

KITABU CHA UBATIZO

Kazi ya Kuria ambayo familia nyingi hukutana nayo ni ya ndoa. Bonde la Kilombero ni bonde la wageni. Mashamba ya miwa ya Kidatu yameleta watu kutoka kila kona ya nchi. Reli ya TAZARA ilileta wengine tangu miaka ya 1970. Mpunga na malisho vimeleta wengine zaidi. Hivyo kijana wa Mang'ula anapotaka kumwoa binti aliyebatizwa Sumbawanga, paroko hawezi kuwaandikisha kwa kuangalia nyuso zao.

Hapo hutakiwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni. Wengi hukasirika: "Ninacho, mama alikitunza tangu nikiwa mtoto." Tatizo ni kwamba cheti cha zamani kinasema tu kuwa ulibatizwa. Kitabu cha parokia ulikobatizwa kinasema zaidi, kwa kuwa pembeni mwa jina lako huandikwa kipaimara chako na ndoa yako, hata kama vilifanyika mbali. Paroko akifungisha ndoa Ifakara anatakiwa apeleke taarifa kwenye parokia ya ubatizo ili iandikwe pale. Taarifa isipopelekwa, mtu anaweza kuonekana huru mahali alikobatizwa, huku ana mke na watoto wanne mahali pengine. Majibu kati ya parokia na parokia, hasa za majimbo tofauti, mara nyingi hupitia ofisi za majimbo, na hapo ndipo wiki hupotea.

Aidha, katika bonde hili Wakristo na Waislamu wameishi pamoja na kuoana. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa kanisani na mtu asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu inayotolewa kwa mamlaka ya Askofu, na bila ruhusa hiyo ndoa haihesabiki kuwa halali mbele ya Kanisa. Tumeona zaidi ya mara moja kadi zimekwisha kuchapishwa, mchele umenunuliwa, wajomba wamepanda basi kutoka Songea, na ombi la ruhusa ndiyo kwanza linaandikwa siku ya Jumatano. Katika hali hiyo kansela hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Kamati za ndoa zingeuliza jambo hili kabla ya kuuliza bei ya ukumbi, machozi mengi yangepungua.

Vitabu vyenyewe vina maadui. Wamisionari Wabenediktini walifika Kwiro mwaka 1902, na baadaye Wakapuchini kutoka Uswisi wakaendeleza kazi. Vitabu vya zamani vya misioni vilijazwa kwa Kilatini. Huku kwetu joto ni kali, unyevu ni mwingi, na mchwa hawajui Kilatini wala Kiswahili. Askofu ana wajibu wa kuona kwamba vitabu vya parokia vinatunzwa, na dekano anapotembelea parokia anatakiwa avikague. Kabati la chuma lenye miguu iliyoinuliwa kutoka sakafuni haligharimu sawa na kisima, lakini hatujawahi kupata mfadhili aliyeliomba jina lake liandikwe juu yake.

FEDHA YENYE KAZI YAKE

Tukifika kwenye fedha, tuanze na sheria moja fupi ambayo kila mweka hazina wa parokia angepaswa kuijua kwa moyo. Kanuni ya 1267 inaagiza kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Haisemi "ikiwezekana", wala haimwachii paroko au kamati nafasi ya kuamua kwamba kuna shida kubwa zaidi.

Hapa tunagusa kidonda. Tuseme parokia imepokea milioni 18 za kisima. Mchimbaji hawezi kufika hadi barabara ikauke. Wakati huo huo nyumba ya mapadre imeezuliwa na upepo. Kamati, ya watu waaminifu kabisa, inakubaliana kukopa milioni 4 kutoka fedha ya kisima na kuzirudisha baada ya mavuno ya mpunga. Hakuna aliyeiba hata senti. Kisha mto unafurika, mpunga unaoza shambani, michango haiji. Kiangazi mchimbaji anafika, na bei ya mabomba imepanda. Mfadhili anaomba taarifa na picha. Kamati inanyamaza, kwa aibu, na ukimya ndio mfadhili anaousoma vibaya. Jambo la namna hii tumelishuhudia, na si katika parokia moja tu.

Ndiyo maana ruzuku hupitia kwa mtunza hazina wa jimbo na kuandikwa katika daftari lake peke yake, mbali na zaka na sadaka za Jumapili. Hutolewa kwa awamu: awamu ya pili haitoki kabla risiti za kwanza hazijafika. Wanakamati wengi huona utaratibu huu kama dharau. Sisi tunauona kama ngao yao, kwa sababu mwenyekiti anayebanwa kikaoni aazime fedha ya kisima anaweza kusema kwa ukweli kwamba hana.

Kwa upande wa wafadhili tunaomba jambo pia. Fedha inayotumwa kwa euro au dola hubadilishwa kwa bei ya siku ile benki, wala si kwa bei ya siku ombi lilipoandikwa, na kati ya siku hizo mbili mfuko wa saruji unaweza kuwa umebadilika bei mara mbili. Wakati wa masika gari la mchanga haliendi upande wa Mlimba kama lionavyo kwenye ramani. Ofisi ya Jimbo ikiandika kuomba kubadili mpango, tafadhali jibuni. Kanuni ile ile inayolinda kusudi lenu inaizuia ofisi kuligeuza bila ninyi, na barua isiyojibiwa inaweza kuuacha msingi wa darasa ukaote nyasi mwaka mzima.

Sheria inazitaka parokia nazo ziwe na baraza lao la fedha, na wanaosimamia mali ya Kanisa walete hesabu kila mwaka. Inataka pia waamini waelezwe matumizi ya kile walichotoa. Sehemu hii ya mwisho husahauliwa sana. Hesabu hupanda Jimboni kwa wakati, lakini hazibandikwi mlangoni mwa kanisa. Hatuoni sababu ya msingi ya kuzificha.

KIWANJA CHA KIGANGO

Tumeliacha suala la ardhi mwisho kwa kuwa ndilo linalotutia hofu zaidi.

Vigango vingi vya bonde vilianza chini ya mwembe. Mzee mmoja, akiona jumuiya haina mahali pa kusali, alisema: chukueni hapa, kuanzia mfereji hadi mnazi ule. Watu wakafyatua tofali, wakachoma, wakajenga. Hakuna aliyeandika, na wakati ule hakuna aliyeona haja, kwa kuwa ardhi ilikuwa tele. Leo si tele. Wakulima wa mpunga wameongezeka, wafugaji wameingia na mifugo yao, miwa ya wakulima wadogo imepanuka, na bonde lenyewe limetambuliwa tangu mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka 2016 serikali ilianza programu ya kupima na kumilikisha ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mpimaji akifika kiwanjani huuliza maswali mafupi: ni ya nani, mpaka uko wapi, shahidi ni nani? Mzee wa mwembe amefariki. Mwanawe yuko Dar es Salaam. Mjukuu anasema babu aliazima tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo barua ya mwenyekiti wa kijiji peke yake, hata ikiwa na muhuri unaong'aa, haitoshi. Kinachotakiwa Jimboni ni maandishi ya mtoaji yenye sahihi ya mwenzi wake na ya watoto walio watu wazima, majina ya majirani wa pande zote, na mihtasari ya vikao vya kijiji. Watoto wasisahauliwe. Kesi nyingi tulizozisikia hazikuletwa na mtoaji bali na warithi wake.

Swali linalofuata huwa ni: kwa nini kiwanja kisiandikwe kwa jina la paroko, au la mwenyekiti wetu tunayemwamini? Kwa sababu paroko atahamishwa na mwenyekiti atakufa, na siku hiyo kiwanja kitaingia katika mirathi yake. Mbele ya sheria za nchi mali ya jimbo hushikwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ambayo leo husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Bodi haifi. Inaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Wajumbe wake wakibadilika, RITA hujulishwa, na hiyo nayo ni kazi ya Ofisi ya Jimbo ambayo hakuna anayeiona mpaka siku isipofanyika.

Kuuza ni kugumu zaidi, na tunadhani ni sawa kiwe kigumu. Parokia haiwezi kuamua yenyewe kuuza kiwanja chake. Thamani ikifikia kiwango kilichowekwa na Baraza la Maaskofu, hata Askofu hawezi kuruhusu mpaka baraza la fedha na mapadre washauri wakubali, na ikipita kiwango cha juu kabisa hutakiwa pia kibali cha Roma. Mnunuzi aliyekuja na fedha mkononi akitaka jibu Ijumaa atakwenda kununua kwingine. Mwacheni aende.

Taasisi kubwa zina taratibu zao. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, kwa mfano, ina uongozi wake na wataalamu wake. Lakini huduma kama hizo za Kanisa zimefungamana na serikali kwa mikataba, tangu makubaliano yaliyotiwa sahihi mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, na mkataba unapohitaji sahihi ya mmiliki, karatasi hurudi kwenye meza ile ile ya Kuria.

Sasa, ile barua ya Kwaresima. Mwenyekiti aliyetuuliza ni wa jimbo jingine ambalo halina haja ya kutajwa, na kwa ruhusa yake tuliifuatilia. Tuliikuta. Ilikuwa kwenye jalada sahihi, imegongwa muhuri wa kupokelewa, na juu yake mtu ameandika kwa penseli: "Hakuna muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji." Hilo lilikuwa kosa la kamati. Lakini hakuna aliyekuwa ameijulisha kamati, kwa barua wala kwa simu, kwa muda wa miezi mitano, na hilo lilikuwa kosa la ofisi, tena tuliwaambia hivyo. Muhtasari ulipatikana kwa mtendaji wa kijiji siku ya pili. Tangu hapo kamati ile hupeleka kila barua kwa nakala mbili, moja inabaki Jimboni na ya pili hurudi na muhuri, tarehe na jina la aliyeipokea. Tarehe hiyo ikitimiza mwezi mmoja bila jibu, katibu hupanda basi.